Mume wangu amegawa viatu vya kaka yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba unijibu haraka, maana kila siku ikipita naogopa zaidi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, shule niliachia darasa la sita kwa hiyo unisamehe kama barua haijanyooka, naishi Koboko nyumbani kwa mama mkwe wangu, mume wangu anaitwa Wani na ananipenda, hajawahi kuniinulia mkono, na mtoto akilia yeye ndiye wa kwanza kumbeba.

Mwaka jana kaka yake, Lemi, alijitoa uhai. Naandika hivyo wazi kwa sababu nyumbani hakuna anayesema. Kwa desturi ya ukoo wetu mtu aliyekufa hivyo haliliwi, ngoma haipigwi, anazikwa haraka, na jina lake haliitwi tena wala halipewi mtoto. Mama mkwe wangu, Mama Paska, ambaye ndiye aliyemzaa, siku ile alikaa jikoni anachambua mboga mpaka watu wakaondoka, na Wani kesho yake alikwenda kulima kama vile hakuna kilichotokea. Mwanangu alipozaliwa Wani alitaka aitwe Lemi, wazee wakakataa kabisa wakasema tunaita balaa, basi mpaka leo mtoto anaitwa Mtoto tu, lakini nikiwa nje naanika nguo namsikia Wani ndani anamwita polepole, "Lemi, Lemi wangu," nikiingia ananyamaza.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Kabla ya kufa Lemi alimpa Wani viatu vyake vya ngozi, vile vya kahawia, akagawa na kuku wake kwa majirani, sisi tukacheka tukasema huyu amepata mchumba tajiri. Jumapili iliyopita Wani amevipaka rangi viatu vilevile akampa rafiki yake Enoch, redio akampa binamu yake, na Mama Paska anafurahi, ananiambia, "Umeona, Poni? Mutoto yangu roho imetulia, amekuwa mutu ya kutoa." Mimi nikakumbuka kuku wa Lemi. Nikamwuliza Wani mbona unatoa viatu vya kaka yako, akasema, "Wewe iko na nguvu, Poni. Hata nisipokuwepo mtoto atakua vizuri." Akacheka, akachukua dumu akaenda kuteka maji.

Kuna mwalimu wa chuo kikuu alitoka Arua akaja kwenye mkutano wetu wa akina mama, Daktari Filda, anafanya utafiti ajue kwa nini watu wanachoka na maisha na namna gani wanaweza kuzuiwa wasife. Aliuliza kama kuna nyumba imepata msiba wa namna hiyo. Mama mmoja akajibu, "Daktari, hiyo kwetu haiko, sisi tunauawa na malaria na hawa wanaume," watu wakacheka mpaka wakapiga makofi, na Mama Paska akasema kwa sauti, "Haiko kabisa!" huku amenibana goti. Daktari hakukasirika. Alisema ukimwuliza mtu kama anafikiria kujiua humwingizii wazo hilo kichwani, akasema Alhamisi atarudi. Lakini mama mkwe anasema yule mwanamke anatafuta wazimu wa watu apate cheo, na mimi nikimwuliza Wani neno hilo nitakuwa nimeliita lije, na nikienda kwa daktari nisirudi nyumbani kwake.

Mshauri, mimi nataka mume wangu aishi, na naamini anaweza kupona. Nimwulize, au ninyamaze?

Poni, Koboko

Poni mwanangu,

Mwulize. Leo.

Namba uliyoandika chini ya barua niliipiga siku ileile, na tuliyoongea ni yetu. Narudia hapa yale uliyoniruhusu, kwa sababu najua kuna nyumba nyingine mtu anagawa vitu vyake na watu wanashangilia.

Umeona kitu ambacho watu wazima wote wa nyumba hiyo hawakukiona. Kwa hilo nakuheshimu. Lakini nakugombeza pia: mtu akikuambia "hata nisipokuwepo", humwachi akaenda kuteka maji peke yake. Unashika dumu la pili unamfuata.

Kaa naye, mwambie hivi: "Wani, umetoa viatu vya Lemi, umesema habari ya kutokuwepo. Unafikiria kujiua?" Litamke lote, usilizungushe. Halafu nyamaza wewe, aseme yeye. Akilia, mwache alie, hajalia tangu mwaka jana. Akikasirika, usiondoke. Akisema ndiyo, usimhubirie dhambi wala usimwonyeshe mtoto ili aone aibu. Mwambie, "Asante umeniambia, tunakwenda wote." Akisema hapana na moyo wako umekataa, nendeni vilevile. Daktari Filda amesema kweli: wazo hilo, kama liko, lilifika kabla ya swali lako. Swali linampa mtu wa kulibeba naye.

Mahali pa kwenda ni hospitali, mkaulizie mhudumu wa afya ya akili, na msingoje Alhamisi. Tangu sasa Wani asiachwe peke yake. Dawa za shambani na kitu chochote cha kumdhuru kitoke nyumbani leo, jirani unayemwamini akifungie kwake. Na Enoch umweleze waziwazi. Aje na viatu mkononi, avirudishe, kisha akae. Rafiki aliyepewa viatu ana kazi ya kufanya, asijifanye alipewa zawadi tu.

Daktari huyo ni mtafiti, kazi yake ni kuuliza na kujifunza, usimgeuze mganga wa mume wako, ingawa mlango wa kugonga ataujua. Lakini Alhamisi nenda ukakae mbele kabisa, useme, "Kwetu iko." Utafiti hautamsaidia mtu ambaye kijiji kizima kimesema haiko.

Sasa mama mkwe wako. Usigombane naye, na usimtii katika hili. Huyo ni mama aliyezika mwanawe akakatazwa kumlilia, akapewa mboga achambue. Amekubana goti kwa woga, si kwa ubaya. Mwambie, "Mama, ulinyamaza kwa Lemi kwa sababu walikuambia unyamaze. Kwa Wani mimi sitanyamaza, na nataka twende pamoja." Akikataa kwenda, mwachie chakula chake, uende. Akikufungia mlango nipigie, nitampigia mwenyewe simu, mama kwa mama.

Nilikuambia nitabadilisha majina yenu gazetini. Ukakubali, isipokuwa moja. Ulisema la Lemi nisiliguse. Sikuligusa. Limechapishwa hapa, wazee watalisoma na anga haitaanguka.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, mchukue mtoto, ingia alipo baba yake, na wewe uwe wa kwanza kumwita mwanao kwa sauti ya kawaida: Lemi.