Neno Moja kwa Walio Juu ya Paa

Jumapili, 8 Machi

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila macho yamechoka kuikodolea rada ya hali ya hewa hapa kazini.

Najua umenuna, na mazito huyataki kwenye simu, basi hii barua naipakia kwenye basi. Mara mbili nimekupigia kwamba dhoruba ya radi inakuja, ukawashusha mafundi wako kwenye paa la shule, na tone halikudondoka. Kosa nimeliona. Kwenu ni mbali, na mawimbi ya rada kadiri yanavyosafiri ndivyo yanavyozidi kwenda juu. Niliona mvua kichwani mwa wingu. Ilikauka kabla ya kufika chini. Lakini sitanyamaza.

Binti yako

Jumamosi, 14 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo ni uzee tu. Mama yako anauliza unakula, au unashiba mawingu.

Sijanuna, nimechekwa. Kicheko, fundi mwenzangu, akiniona nashika simu huuliza kama binti wa mbinguni ametoa ruhusa ya kupiga misumari. Shule inafunguliwa mwisho wa mwezi na nusu ya paa iko wazi. Mwalimu mkuu hatailaumu rada, atanilaumu mimi. Nakupenda, lakini niache nimalize kazi.

Baba yako

Jumatatu, 16 Machi

Baba, shikamoo. Mwambie mama ninakula.

Sikuachi. Rada hupima pia upepo ndani ya wingu: unaokuja kwetu huonekana kijani, unaotukimbia huonekana mwekundu. Rangi hizo zikibanana bega kwa bega, wingu linazunguka, na wingu la namna hiyo halitishii nyau. Nikiliona linakuja kwenu nitatuma neno moja: SHUKA. Usipige simu kuuliza. Nisipoliona, sitakusumbua hata mbingu iwe nyeusi kama sufuria.

Nakuomba, baba. Naogopa.

Binti yako

Ijumaa, 20 Machi, saa nane mchana

SHUKA.

Jumapili, 22 Machi

Baba, shikamoo. Simu yako haipatikani, ya mama pia. Lile wingu lilipita juu yenu kabisa. Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Binti yako

Jumatano, 25 Machi

Mwanangu, marahaba. Tuko hai. Mnara wa simu ulianguka, wanasema Jumamosi utasimama. Mkono wangu wa kulia umevunjika na una plasta, kwa hiyo anayeandika ni Kicheko. Makosa yote ni yake.

Neno lako lilikuta jua linawaka. Nikashuka, vijana wakashuka wakinung'unika. Kicheko akabaki juu, akasema yeye hashushwi na simu. Nikapanda tena kumvuta. Tulikuwa ngazini upepo ulipoyazoa mabati, hata tuliyokwisha kuyapigilia. Niliuangukia mkono, naye akaniangukia mimi. Jumatatu tunaezeka upya. Nitasimamia kwa mdomo.

Baba yako

Mwanangu, sasa ni mimi mwenyewe, Kicheko. Baba yako amesinzia. Angeweza kuniacha kule juu, maana nilimtukana mbele ya vijana, na wewe nilikutukana pia. Namba yangu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Jumatatu nitakayekuwa juu ni mimi. Usilale.

Baba yako mdogo