Watu Hawakai Kwenye Orodha ya Mizigo

Mjukuu wangu Poni,

Sisi hapa Juba ni wazima. Nyanya yako bado anauza mboga katika soko la Konyo Konyo na anakusalimu sana huko Nakuru.

Unaniuliza kama ni sawa mwalimu wenu wa Kiingereza kuwafundisha neno "cargo", yaani shehena, kwa mifano ya pembe za ndovu, nguo, shanga na watumwa.

Nilipokuwa karani mpya, mkubwa wangu alinipa karatasi ya maonyesho ya kituo cha utamaduni cha Nyakuron niichape kwa Kiingereza. Ilieleza safari za kale za baharini na shehena za meli, na orodha ilikuwa kama yako. Karani hakuruhusiwa kubadilisha hata nukta. Mimi nikawatoa watu kwenye orodha, nikawaandika peke yao: "captured people", yaani watu waliotekwa. Nilimpelekea nikijua naweza kufukuzwa.

"Wewe jena, mtoto wewe, nani amekuambia ubadilishe?"

"Hakuna, mzee. Babu wa mama yangu alichukuliwa utumwani. Hakuwa mzigo."

Alinitazama, akasoma tena, akapiga muhuri.

Basi pembe, nguo na shanga ziandike chini ya "cargo". Watu wape mstari wao. Mwalimu akiuliza, mjibu kwa heshima, lakini usifute.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea kila asubuhi.