Kichwa Kikubwa cha Baba Yako

Mjukuu wangu Neema,

“Mwenye afya hana cha kupimwa.” Eti ndivyo wenzako wanavyosema, wakikataa kulala kwenye mashine ya MRI uwapime vyumba vya maji ya ubongo kwa utafiti wako! Upuuzi mtupu! Huku Kibondo hatujambo, maharage yameiva.

Miaka ya sabini daktari alihofia kuwa kichwa kikubwa cha baba yako, akiwa mchanga, kina maji, labda kitobolewe yatoke. Kwanza akaleta futi ya fundi cherehani atupime vichwa sisi wazazi. Mama mkwe akafoka, “Anayepimwa ni maiti, kaburi lisipungue!”

Nikamjibu, “Mama, acha nipimwe, mwanangu apone!”

Tukapimwa: kichwa changu kikubwa. Cha babu yako kikubwa zaidi! Daktari akacheka: “Hapa hakuna ugonjwa, pana ukoo.” Mtoto hakutobolewa.

Wasomee wenzako hapa: Enyi wenye afya, laleni kwenye mashine hiyo kesho! Kuna mtoto anangoja kulinganishwa nanyi.

Bibi yako