Kumbe Alitaka Kadi Yangu ya Mwanafunzi Tu

Jumamosi, Agosti 1998

Mvua ya Kakamega imeanza mchana kama kawaida yake na bado haijakatika. Stima imepotea. Nguo za watoto zimetandazwa kwenye kila kiti. Nimechoka, na si kwa kazi.

Leo nimejua kwa nini mume wangu alinipeleka chuo.

Tangu tuoane nilikuwa nikimwomba Baba Linet aniruhusu nisome kompyuta. Kila mara kulikuwa na sababu. Subiri mtoto aanze kutembea. Subiri tumalize kujenga jikoni. Mwishowe niliacha kuomba. Halafu mapema mwaka huu, bila mimi kusema lolote, akanijia akaniambia, "Nenda usome, Mama Linet. Akili yako inapotea bure hapa."

Nililia mbele ya jiko. Nilikwenda mpaka Khayega kumwambia mama, naye akamwombea baraka. Siku za darasa mume wangu alikuwa anakula ugali baridi bila kulalamika, nami nikawa najiambia, huyu mtu ananipenda kweli.

Kisha akanunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja ya mjini. Ilikuwa haina programu ya kuandikia wala ya kupigia hesabu. Akaniambia kwamba kuna duka Kisumu linalowauzia wanafunzi programu hizo kwa bei ya chini sana, mradi uonyeshe kadi ya chuo. Wiki iliyopita tulienda pamoja. Msichana wa dukani aliitazama kadi yangu, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Bei hii ni ya masomo, mama. Programu hii si ya biashara."

"Najua," nikamjibu. "Mimi ni mwanafunzi."

Nilikuwa sijawahi kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu. Nilitoka pale nikiwa nimeibeba ile boksi ya sidii za programu mwenyewe.

Leo shemeji yangu Ambani, mdogo wake Baba Linet, alikuja kutuwekea hizo programu, kwa kuwa yeye anaelewa kompyuta. Stima ikapotea kabla hajaanza. Wakakaa sebuleni wakizungumza, mimi niko jikoni na kuku. Mlango ulikuwa wazi.

"Bila kadi ya chuo tungelipa bei kamili," mume wangu alikuwa anamwambia. "Ndiyo maana nilimwandikisha. Karo ya muhula ni kitu kidogo ukilinganisha."

"Na masomo yake je?" Ambani akauliza.

"Muhula ukiisha atakaa nyumbani. Programu si tumeshapata? Nafungua ofisi ya kuchapa pale Lurambi. Nimeshapata msichana wa kukaa kwa mashine."

Hakupunguza hata sauti. Hakuwa anaficha kitu. Alikuwa anajisifu.

Na huyo msichana wa kuchapa hata si mimi.

Niliwaandalia chakula, nikawanawisha mikono. Ambani hakuweza kuniangalia usoni. Alipoondoka nilimuuliza mume wangu, "Ulinipeleka chuo kwa sababu ya kadi?"

Alishangaa, kana kwamba nimemuuliza jina lake. "Si wewe ndiye ulikuwa unalilianga kusoma? Umesoma. Tumepata programu rahisi. Hakuna mtu ameumia."

Hakuna mtu ameumia.

Nikamwambia hiyo programu haiendi Lurambi. Kule dukani nilikubali kwa mdomo wangu kwamba ni ya masomo.

Akacheka. "Na nani atakuja kuangalia?"

"Mimi."

Nilichukua boksi kutoka mezani, nikaifungia kwenye sanduku langu la nguo. Akanifuata hadi mlangoni mwa chumba, akasimama tu. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumfungia kitu.

Ambani atarudi kesho. Kama ni kuweka programu hapa nyumbani, nifanyie mazoezi yangu, nitaitoa. Kama ni kuhamisha mashine, basi waihamishe tupu.

Kuhusu karo, mwalimu wetu ni mtu wa kuzungumzika naye. Nitamwomba nilipe kidogo kidogo kutokana na mboga ninazouza sokoni. Mama nitamweleza, ingawa sijui nitaanzia wapi, maana bado anamwombea.

Kinachoniuma si programu. Ni ile siku aliyosema akili yangu inapotea bure. Je, kulikuwa na hata neno moja alilolimaanisha? Nimejiuliza tangu mchana. Pengine yeye mwenyewe hajui.

Namsikia anakohoa sebuleni, anangoja nitoke nimwambie yameisha.

Sitoki. Jumatatu nina darasa, nami nitakuwepo.