Popo Aliyembeba Mwanawe Juu ya Ua Wetu

Mwanangu Zuhura,

Uliniambia nisikutumie tena sauti kwenye simu, maana huko Doha wazisikiza ukiwa ndani ya basi la wauguzi na hujui kipande kipi ni cha kweli. Basi nakuandikia, tena wazi, asomaye yeyote awe shahidi. Ami yako ni mzima. Kutulia ndiko siwezi. Naketi, nainuka, napanda darini, nashuka. Feni mbovu za watu zimerundikana kibandani kwangu Makadara hazijaguswa, na wenyewe wanakuja kunitukana kwa adabu.

Walitaka kuukata ule mti wa mkungu ulio uani kwetu.

Ni Bi Rukia wa nyumba ya chini aliyeanza. Popo wanamchafulia nguo, wanaangusha kokwa zilizotafunwa mpaka kwenye tangi la maji, na kwa kweli hapo hasemi urongo. Akawazungukia majirani mlango kwa mlango, wote wakakubali: Ijumaa baada ya swala wakutane uani, kisha aitwe mkata miti. Nikawaambia popo wana watoto wachanga sasa, mti ukianguka watoto wataanguka nao. Wakacheka. Mimi nikisema jambo hapa mtaani, watu huanza kwa kucheka.

Wakumbuka tulivyokuwa tukipanda darini jua likizama, wewe na kamera, mimi na maneno? Ulikuwa ukininong'oneza, "Ami, nyamaza, wanakusikia." Nami nakujibu popo wa Mombasa wote wanifahamu, na kwamba kule Ganjoni niliwahi kumshika mmoja kwa mikono hii, mbawa zake upana wa mlango wa gereji. Wengine wangenizomea. Wewe uliuliza kwa upole, "Gereji ipi?" Nikakupenda zaidi.

Ulinifunza nisimkimbize popo na kamera. Nimngoje kwenye mwanya baina ya matawi anapotokea, niikaze kamera kwenye ncha ya tawi, niiongeze kasi mpaka mbawa zisimame, hata kama picha itatoka giza na chembechembe kama suji. Kisha twateremka, waifungua kompyuta juu ya meza ya kulia chakula, na kile kiza wakiinua pole pole, suji waipunguza, mpaka yale manyoya meupe ya begani yanatokea yenyewe. "Hapo basi, Ami. Ukizidisha, atakuwa mdoli."

"Tumuwekee mwezi."

"Mwezi haukuwapo."

"Mimi niliuona."

"Lini?"

"Jana."

Ulicheka mpaka marehemu babako akachungulia mlangoni kutazama kuna nini.

Ulipoondoka ukaniachia kamera, na nisikufiche, nilifika ambako wewe hukufika. Kwa simu tu hii. Nimefuta nyaya za umeme, nimefuta matangi, nimewatia popo macho ya makaa. Pale Marikiti hamali mmoja alitua gunia la vitunguu ili atazame vizuri, akaapa popo yule ni wa Kongo. Sikumbishia.

Sasa sikiza, na hapa siongezi neno. Wiki iliyopita alitokea popo, mama mtu, kwenye mwanya ule ule, na mwanawe amemganda kifuani, kucha zimezama kwenye manyoya, kidomo kiko chuchuni, na mama ananitazama mimi. Nilibonyeza. Nikaketi kuitengeneza. Nikakata chini yote, nikafuta waya uliopita juu ya ubawa, nikaosha anga mpaka ikang'aa. Nikampelekea Bi Rukia.

"Sudi, hii umeitoa kwenye mtandao."

"Ni ya mkungu wetu."

"Mkungu wetu umeuona wapi na anga kama hii? Juzi umeniletea popo ana mwezi kulia na mwezi kushoto."

"Yule nilizidisha. Huyu sikuzidisha."

"Nenda zako, nina chapati motoni."

Nilikutafuta kwenye simu umwambie wewe, maana wewe ulimfunga kidonda cha mguu na neno lako analishika. Ulikuwa kazini. Nikabaki nazunguka nyumba. Mwisho nikairudia ile picha mbichi, jinsi ilivyotoka kwenye kamera. Nikainua kiza kidogo, suji nikaipunguza kidogo. Mkono uliniwasha, Zuhura, waya ule ulikuwa ukiniita niufute. Nikauacha. Ijumaa nikaenda nayo uani.

Bi Rukia aliisogeza simu mpaka ikamgusa pua. Kisha akasema, "Hii ni shimizi yangu."

Kweli. Chini ya popo, kwenye kamba, imeanikwa.

"Ile iliyochanika kwapani," binti yake akasema.

"Nimeiona. Funga mdomo." Akaikuza picha kwa vidole viwili, akapandisha juu, juu, mpaka kwa mtoto. "Na yuwaruka naye hivi hivi?"

"Kila jioni, mpaka ajue kuruka mwenyewe."

"Na chakula anatafuta huku amembeba?"

"Huku amembeba."

Bi Rukia amelea wanawe peke yake akikaanga viazi barabarani. Alinirudishia simu bila kunitazama. "Mkata miti asije mpaka hawa watoto wajue kuruka. Kisha tutazungumza tena. Na kamba yangu utaihamisha wewe Sudi. Na kabla hujamuonyesha mtu mwingine, nifutie shimizi hiyo. Si unajua kufuta?"

Kufuta najua, Mombasa nzima hakuna anishindaye. Lakini nikiifuta, nani ataamini tena kuwa ni ua wetu? Kila akiniuliza namwambia simu imegoma.

Kinachoninyima raha ni lile neno lake, tutazungumza tena. Juzi nimemuona mtoto mmoja ameachwa tawini peke yake, anajipigapiga mbawa kama mtu anayekung'uta shuka. Wewe ungefurahi. Mimi nilishuka ngazi mbio kana kwamba naweza kwenda kumzuia. Sasa kila magharibi natazama juu nikiomba watoto wale wawe wavivu.

Omba ruhusa kazini, mwanangu. Njoo uwapige picha, uzungumze na Bi Rukia, kabla hawajajua kuruka.

Ni mimi ami yako Sudi, niko darini.