Darubini ya Nyamoita

Benta, acha chochote unafanya. Nyamoita ameona baba mkwe wake bila suruali. SABATO! 😭

Si kanisa lilienda kutembea kwa ule msitu wa miti ya kienyeji juu ya Marani? Askari wa msitu akampa Nyamoita darubini, amtafute ndege hondohondo.

Akatafuta. Akampata Mzee Ongeri nyuma ya mti, suruali mkononi, anaruka kama mbuzi. Siafu!

Bila suruali, Benta! Mzee wa kanisa!

Na wewe Mjaluo hujui: kwetu Wakisii mke wa mtoto hamsalimii baba mkwe hata kwa mkono. Huyu amemwona mpaka magoti, tena darubini imemleta karibu.

Askari naye hana akili: "Dada, umeona nini?"
"Majani."
"Majani tu?"
"MAJANI TU!"

Mzee akarudi amekaza mshipi, akaomba sala ya kufunga matembezi: "Baba, asante kwa viumbe vyako, na uwasahaulishe walioona kupita kiasi."

Nyamoita akapiga amina moja kubwa, hondohondo akaruka mbio kutoka juu ya ule mti wa siafu. Alikuwa hapo muda wote.