Yeye Analipwa, Mimi Nililea Bure

Mpendwa mshauri, nisaidie maana nina donge kooni halimezeki wala halitemeki, mimi ni bibi, mjukuu wangu nimemlea tangu anatambaa, mama yake, yaani mkwe wangu, akienda kiwandani ananiachia, basi halmashauri ikafungua kituo cha kulelea watoto mchana, wazazi wanachangia kidogo na walezi wanalipwa mshahara, mkwe wangu akaniambia, "Mama, sasa upumzike," kumbe kupumzika kwenyewe ndiko kunakoniua, mtoto akirudi ni nyimbo za mlezi, hadithi za mlezi, juzi kajikwaa mlangoni kwangu akamlilia mlezi na mimi nimesimama hapo hapo na mikono yangu miwili! Nikaona wivu, mshauri, wivu wa mke mwenza, na diwani naye akaitisha mkutano wa mtaa kuuliza kama ruzuku ya kituo iendelee, nikasimama nikasema, "Mimi nimelea saba sikupewa hata sabuni, leo kubembeleza mtoto imekuwa ajira?" watu wakacheka wakapiga makofi, kumbe mlezi mwenyewe kaketi nyuma yangu, akainuka akatoka, na sasa mkwe wangu ananisalimia kama mpita njia, tena diwani anataka nikayarudie maneno yale halmashauri wakipanga bajeti, nifanyeje?

Bibi Mwenye Donge

Bibi, pole, na sasa kaa nikuseme. Mtoto akijikwaa humwita aliyeshinda naye. Hajakusahau. Hilo la mjukuu litapoa. Linalokuchoma hasa ni jingine: ulilea saba mpaka mgongo ukapinda, na hakuna aliyekuambia hata ahsante. Hapo uchungu wako ni wa haki, nami nakuunga mkono. Lakini aliyekunyima ni yule binti wa kituoni? Wewe hukulipwa, basi naye asilipwe? Huo ni ubaya, Bibi, na unaujua, ndiyo maana umeniandikia.

Diwani naye anatafuta mdomo wa mtu mzima wa kukifungia kituo. Kikifungwa, mkwe wako kwa hasira alizonazo hatakuachia mtoto tena, ataacha kazi, na utamkuta sebuleni kila siku, kanuna. Ndiyo raha uitakayo?

Kesho mpeleke mjukuu kituoni wewe mwenyewe. Mtake radhi mlezi mbele ya wenzake, kwa kuwa ulimwaibisha mbele za watu. Kisha halmashauri nenda, usikose, ukaseme hivi: "Nililea saba bila malipo, kwa hiyo najua kulea ni kazi. Mlipeni."